Tulipokwenda Maramba Kumwona Yohana

Huwa naulizwa kama ni sawa wanasiasa kutia mkono wachezaji wanapokosa. Jibu langu nililipata safarini, kati ya Tanga na Maramba, miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru. Siku hizo nilikuwa fundi cherehani Ngamiani, na jioni nilikuwa golikipa na nahodha wa timu yetu ya mtaani.

Sababu ya safari ilikuwa Salehe, winga wetu wa kulia. Mpira ulikuwa umeanza kuwa kazi. Mashamba ya mkonge yalikuwa yakiwatafuta vijana wenye vipaji, yakiwapa kazi nyepesi na nyumba nzuri ili siku ya mechi wavae jezi ya shamba. Sisi wa mjini tulikuwa na tajiri wetu mwenye duka, ambaye alimlisha Salehe na mama yake kwa sababu ya miguu ya Salehe tu. Basi ikaja timu ya shamba moja la Maramba. Beki wao, kijana wa Kishambaa aitwaye Yohana, akamnyang'anya Salehe mpira, akamnyang'anya tena, na tena, mpaka watazamaji wa kwetu wenyewe wakaanza kucheka. Mara ya mwisho mpira ulikuwa umekwisha kwenda zake na Yohana amegeuka kuutazama. Salehe akamrukia kwa njumu, akamvunja mguu chini ya goti. Nilikuwa golini, upande wa pili wa uwanja, na mlio wa ule mfupa niliusikia.

Kamati ya ligi, iliyokuwa ya Wazungu, ikamfungia Salehe miaka miwili. Tajiri akakata chakula. Mji ukawaka moto. Mabarazani kote ilikuwa adhabu, adhabu, hakuna aliyeutaja mguu. Bwana Zuberi, mwenyekiti wa tawi la chama cha kudai Uhuru pale kwetu, mtu mpole aliyeacha ukarani wa serikali ili aingie katika siasa, akatangaza kwamba Jumapili atalisemea jambo hilo mkutanoni. Kabla ya hapo alikuja kwenye cherehani yangu.

"Nahodha, twende Maramba," aliniambia. "Nataka Yohana mwenyewe aseme ilikuwa ajali ya mchezo. Akisema hivyo, kamati haina pa kushika."

"Na Salehe je?"

"Twende naye. Wakipeana mikono, mambo yamekwisha."

Alhamisi asubuhi tuliondoka Ngamiani kwa lori lililokuwa linakwenda kuchukua mahindi. Bwana Zuberi alikaa mbele na dereva, mimi na Salehe tukapanda nyuma juu ya magunia matupu. Mama yake Salehe alitufuata hadi garini na kikapu cha mikate ya kumimina aliyoipika kwa unga wa kukopa. Aliamini kwamba tunakwenda kumrudishia mwanawe haki yake. "Mungu awafungulie njia, wanangu," alisema. Salehe aliangalia pembeni.

Amboni tulivuka daraja la mto Zigi, na mkonge ukaanza, mistari iliyonyooka hadi macho yanachoka. Wakataji waliomtambua Bwana Zuberi waliinua visu vyao kumsalimu. Kila lori liliposimama alishuka, akawapa wazee shikamoo, akawauliza habari za kazi na za watoto, na majibu aliyasikiliza mpaka mwisho. Nayasema haya msije mkadhani alikuwa mtu wa kujitafutia sifa. Alikuwa anawapenda watu, na kosa lake siku ile lilitokana na mapenzi hayohayo.

Mabokweni tulipumzika kwa mama mmoja muuza chai. Alipomtazama Salehe vizuri, aliipiga meza kwa furaha. "Ah! Si weye winga? Kunywa, mwanangu, hapa hulipi. Wamekuonea hao! Mpira ni wa wanaume, mtu akivunjika kavunjika." Salehe alishukuru. Nusu ya chai yake aliiacha kikombeni.

Nikamvuta Bwana Zuberi kando. "Na Yohana akisema kwamba alikusudiwa?"

Hakunikasirikia. "Nahodha, yule mchezaji wa Kizungu aliyempiga refa ngumi mbele ya uwanja mzima alifanywa nini? Alipewa onyo, na wiki iliyofuata alicheza. Salehe amefungiwa miaka miwili na nyumbani kwao hakuna unga. Nikikaa kimya, mimi mwenyekiti wa nini?"

Alilolisema lilikuwa kweli tupu, tukarudi kwenye lori.

Baada ya Mabokweni tuliiacha barabara ya Mombasa tukashika ya bara. Udongo ukageuka mwekundu, milima ya Usambara ikaanza kujitokeza mbele yetu, na kando ya njia kukawa na michungwa na mashamba ya mahindi. Hapo ndipo Salehe aliponiuliza, bila kunitazama, "Nahodha, wewe uliona?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Akageukia milima, akaitazama hadi Maramba.

Mchana tulifika shambani, nje kidogo ya mji. Tulielekezwa kwenye nyumba za matofali, zilizopakwa chokaa na kuezekwa bati, ambamo waliishi makarani na wachezaji. Mlangoni tulimkuta mwanamke kijana anachambua mchele. Tukamwulizia Yohana.

"Yohana hakai hapa tena," alisema, akainamisha macho. "Hii ni nyumba ya mchezaji. Mume wangu ndiye aliyeletwa badala yake. Sisi tulikuta wamekwisha mtoa."

Alituelekeza nyuma kabisa ya kambi, kwenye vibanda vya udongo vya vibarua wa msimu. Chumba cha Yohana kilikuwa cha mwisho, karibu na vyoo. Mama yake, mama Naomi, mwanamke mrefu aliyeshuka kutoka milimani kuja kumwuguza, alikuwa nje anaanika nguo. Tulipiga hodi, tukampa shikamoo, akaitikia marahaba kwetu sote. Alipoambiwa yupi ni Salehe, mikono yake ilisimama juu ya kamba. Kisha akaimalizia nguo aliyoishika, akaibana vizuri, akasema, "Mgeni ni mgeni. Piteni."

Yohana alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mguu umefungwa plasta kuanzia pajani. Alikuwa kijana zaidi kuliko nilivyomkumbuka. Nje tulisikia mama yake akimwita jirani Mwislamu aje kumchinja kuku, ili sisi wageni tuweze kula. Mtu uliyemvunjia mwanawe mguu, anakutafutia mchinjaji! Nilitamani ardhi inimeze, na si mimi niliyempiga.

Bwana Zuberi alianza taratibu. Alimpa pole, akaeleza habari za yule Mzungu na refa, akaeleza njaa ya nyumbani kwa Salehe. "Ndugu yangu Yohana," akamaliza, "neno lako moja tu, kwamba ilikuwa ajali, litatusaidia Waafrika wote."

Yohana alisikiliza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Bwana Mwenyekiti, umetoka Tanga kuja kuniuliza habari za adhabu ya Salehe. Wazungu wa kamati nao waliniuliza habari za adhabu ya Salehe. Maneja pia. Mimi mguu wangu huu, hakuna aliyeniuliza."

Bwana Zuberi aliinamisha kichwa, akauangalia ule mguu.

Salehe alikuwa amesimama mlangoni. Akapiga magoti pale pale kwenye udongo. "Haikuwa ajali," alisema. "Nilikusudia. Mpira ulikuwa umekwenda, niliuona unakwenda. Walikuwa wananicheka, nami nikataka waache kucheka. Hukunitukana, hukunikanyaga. Ulinishinda tu."

Mama Naomi alikuwa amesimama nyuma yake, bakuli mkononi. Yohana alijiinua kwa kiwiko.

"Nilijua," akasema. "Niligeuka kabla sijaanguka, nikakuona macho. Nashukuru umesema, maana nilikuwa nimeanza kujiuliza kama nimeota."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Bwana Yesu ameniamuru nisamehe, na nitasamehe. Lakini nikisema leo, nitakuwa nasema kwa sababu mama anapika kuku na watu wazima wamenizunguka. Njoo siku nyingine, peke yako. Sasa inuka, kaa."

Salehe aliketi chini, ukutani, na machozi yalimtoka bila sauti. Mama Naomi alimwekea bakuli la maji anawe.

Tulikula ugali na yule kuku. Bwana Zuberi alikula kidogo. Ghafla akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Yohana, nyumba walikutoa lini?"

"Niliporudi kutoka hospitali, vitu vilikuwa nje."

"Na posho?"

"Waliikata. Wameniambia posho ni ya anayefanya kazi, na kazi yangu ilikuwa mpira."

Bwana Zuberi alinawa mikono, akavaa kofia yake. "Nahodha, nifuate."

Alasiri tulimkuta maneja kwenye baraza ya ofisi yake, Mzungu mnene mwenye Kiswahili cha amri. Alipojua Bwana Zuberi ni nani, aliinua kiganja. "Hapana. Kamati imekwisha hukumu. Siasa haiingii katika mpira."

"Umesema kweli, bwana," Bwana Zuberi alijibu, "nami sikuja kwa ajili ya hukumu. Hukumu ibaki. Nimekuja kwa ajili ya mtu aliyekuwa anakutumikia wewe siku alipoumia."

"Aliumia akicheza, si akifanya kazi."

"Aliletwa Tanga na lori la nani? Jezi ilikuwa ya nani? Angekataa kuja, angebaki katika ile nyumba ya bati?"

Maneja alivuta kiti, akakaa. Sidhani alikuwa katili. Nadhani hakuwa amewahi kuulizwa. Walibishana mpaka jua likapungua ukali, sauti zikipanda na kushuka, na mara moja niliogopa kwamba tutafukuzwa kwa mbwa. Mwisho maneja alikubali posho iendelee mpaka plasta itoke, na baadaye Yohana apewe kazi ya kukaa, kwenye stoo. Nyumba hakuirudisha, maana ndani mlikuwa na watu wengine na Bwana Zuberi mwenyewe hakutaka nao watupwe nje. Lakini maneja alitoa chumba cha matofali upande wa mafundi.

Tuliporudi kumpa Yohana habari, mama yake alimshika Bwana Zuberi mikono yote miwili. Bwana Zuberi alimwinamia, kisha akamsaidia kubeba vyombo hadi chumba kipya.

Ijumaa asubuhi tulipanda tena lori, safari hii juu ya magunia ya mahindi, na Bwana Zuberi alikataa kiti cha mbele, akakaa nyuma pamoja nasi. Tulikuwa tumekwisha pita michungwa aliposema, "Jumapili watanizomea."

"Nitasema mimi," Salehe akamwambia.

"Nani? Wewe? Watakurarua."

"Basi waturarue wawili."

Nilicheka, nao wakacheka, na ndicho kicheko pekee ninachokikumbuka katika safari ile.

Tanga, Jumapili alasiri, uwanja ulifurika. Mama yake Salehe alikuwa mbele kabisa, amevaa kanga yake ya sikukuu. Bwana Zuberi alipanda jukwaani akasema waziwazi: mchezaji mweusi na mchezaji mweupe wakifanya kosa moja wapewe adhabu moja, na hilo chama kitaendelea kulidai kwa kamati, lakini adhabu ya Salehe hataipinga, kwa sababu ni ya haki. Kelele zikaanza. "Umenunuliwa!" mtu mmoja alipaza sauti. Wengine waligeuka wakaondoka, na kati yao walikuwamo waliombeba mabegani mwezi uliopita.

Salehe akapanda. Hakuwa msemaji. "Mimi ndiye niliyempiga," alisema, "na nilikusudia. Bwana Zuberi hakununuliwa. Mwenye kutaka kuzomea anizomee mimi." Akamtazama mama yake. "Mama, naomba radhi. Niliwaacha muamini uongo."

Mama yake alijifunika uso kwa kanga. Kisha akasimama, akapanda ngazi za jukwaa, akamshika mwanawe mkono, wakashuka pamoja, na watu wakawapisha.

Bwana Zuberi alipoteza wafuasi siku ile, na uchaguzi wa tawi uliofuata alishindwa. Sikumsikia akijuta. Salehe aliimaliza adhabu yake yote, akibeba magunia bandarini ili yeye na mama yake wale. Maramba alikwenda peke yake, zaidi ya mara moja, na walilozungumza na Yohana hakunisimulia, wala sikumwuliza. Yohana hakucheza tena. Alichechemea maisha yake yote, lakini kazi ya stoo aliifanya mpaka akazeeka nayo.

Nilijifunza kwamba refa akishapuliza filimbi na kamati ikishahukumu kwa haki, mwanasiasa akae jukwaani kama mtazamaji mwingine yeyote, hata kama aliyeadhibiwa ni mtoto wa mtaani kwake na kura zote ziko upande wake. Lakini mchezo ukiisha, kuna mtu aliyebaki chini, ana mama, ana nyumba ya kutolewa. Huyo si wa refa. Kwa huyo, mwanasiasa asingoje kuitwa.