Moshi wa Uani kwa Jirani

Mdogo wangu wa mwisho ana pumu. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikabaki na wadogo zangu hapa Dunda. Kifua chake kikianza kupiga miluzi alfajiri, najua leo haendi shule. Mwaka huu ana mtihani wa kidato cha nne, na alikuwa ameshakosa vipindi vingi mno.

Tabibu alinieleza kwamba moshi una chembe ndogo zisizoonekana, zinazopita puani na kooni hadi ndani kabisa ya mapafu. Nikatundika khanga mbichi dirishani. Ilinasa vumbi la barabarani hadi ikawa rangi ya udongo. Moshi ukapita kama kawaida.

Ulitoka kwa jirani yetu, bibi anayeishi peke yake. Kila siku baada ya swala ya alfajiri alifagia uwanja, akakusanya majani, mifuko na chupa za plastiki, akatia kiberiti karibu na dirisha letu. Ndiye aliyetupikia siku zote za msiba. Mtu kama huyo unamwanzaje?

Nilimwanza kwa shikamoo.

"Marahaba. Mbona umenuna, umeachwa?"

Nikamweleza. Akacheka.

"Moshi wangu huu? Nimelea watoto saba kwa moshi, hakuna aliyepiga hata chafya!"

"Wa kwangu anakohoa, bibi."

"Sasa taka nizile?"

"Niachie mimi nifagie."

"Wewe? Keshokutwa tu utachoka."

Sikuchoka. Naamka kabla yake. Majani nayafukia kwenye migomba, plastiki naipeleka dampo. Yeye hukaa barazani akinikosoa.

"Unafagia au unaupapasa huo mchanga? Na pale kwenye kona, pana mwenyewe?"

Kifua cha mdogo wangu hakijapona. Sisi wenyewe tunapikia mkaa, ingawa jiko nimelihamishia nje, mbali na chumba chake. Wa nyumba za nyuma nao wanachoma taka. Lakini sasa miluzi imepungua, na siku za kukosa shule si nyingi kama zamani.

Juzi wale wa nyuma waliwasha moto mapema. Kabla sijaweka ufagio chini, bibi alikwishafika uani kwao.

"Nyie! Mwageni maji hapo! Kuna mtoto wa mtihani!"

Wakamwaga. Mdogo wangu alifunga kamba za viatu, akachukua begi, akaenda shule.