Matobolwa Yaliyoliwa na Majaji

Kabla ya kupanda gari Bunda kwenda mkutano wa sayansi wa mkoa, nilikuwa nimeshaaga watu kana kwamba nahamia Dar es Salaam. Mshindi wa tuzo ya fizikia kwa wanafunzi angepelekwa huko kushindana kitaifa, na mimi sikuona wa kunizuia.

Mradi wetu, mimi na msichana niliyekaa naye dawati moja, ulikuwa sanduku la mbao lenye kioo juu na bati jeusi ndani, la kukaushia matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukatwa vipande. Uwanjani pale Musoma tulianika vipande sandukuni na vingine idadi hiyo hiyo juu ya mkeka, tukapima uzito asubuhi. Mchana tungepima tena mbele ya majaji.

Majaji walikuja watatu, wamechoka, na hakuna aliyewapa hata chai. Nikaanza kueleza jinsi joto linavyonaswa. Mwenzangu amelelewa kwao ambako mgeni hasimami mbele ya chakula mikono mitupu, kwa hiyo akafungua kioo na kuwakaribisha. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akausogeza, akawaambia wasione haya. Wakautafuna utafiti wetu mbele ya macho yangu, huku wakitikisa vichwa kwamba wananielewa vizuri sana.

Tulipopima, jaji mkuu, mhadhiri wa chuo kikuu, aliitazama mizani, jinsi uzito wa vipande vya sandukuni ulivyoporomoka, kisha akatutazama sisi.

"Jua la Musoma lingekuwa linakausha hivi," akasema, "si ziwa lingeshaisha?"

Akauliza kama tumeondoa vipande ili matokeo yapendeze. Nilichemka. Ananiita mdanganyifu na ndevu zake zina chenga za kiazi. Nikamjibu, kwa heshima yote niliyoweza kuikusanya, kwamba vipande vimeliwa na waliovila tunao hapa hapa.

Jaji mama alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaamua: kila kipande kilichopungua kipate mlaji wake, kikikosa hata kimoja tumetolewa mashindanoni. Vilikuwa vimepungua kumi na kimoja. Yeye akakiri vitatu, wa pili viwili. Mkuu naye akasema viwili. Jaji mama akamkazia macho, vikawa vinne. Vikabaki viwili visivyo na mwenyewe, na nikahisi Dar inanitoka mikononi.

"Hivyo ni vyangu, Dokta," mwenzangu akasema, macho chini. "Kwetu mgeni hatumwachagi ale peke yake."

Nilitamani kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja. Hesabu ikafanywa upya kwa vipande vilivyobaki tu, kwa wastani wa uzito wa kila kipande, na sanduku bado likaushinda mkeka, na tuzo ikawa yetu.

Dar tulikwenda. Sanduku nililipakata mimi safari nzima, limefungwa kufuli, ufunguo nimeuvaa shingoni, maana huko majaji walikuwa saba na mwenzangu ni yule yule.