Ndugu Yake TB

Mzee mmoja wa Tlawi alituletea makohozi mara tatu, na mara zote tatu darubini yangu ilionyesha vimelea vyekundu wazi kabisa. Mashine ya vinasaba nayo, mara zote tatu, ikasema hakuna TB. Mimi nina hasira za karibu. Nikaipangusa, nikaizima, nikaiwasha, nikaiambia maneno ambayo mama yangu kule Muheza hakunifundisha. Haikubadilisha jibu.

Mzee alikuwa amemeza dawa za TB miezi mitano bila nafuu, na miezi yote hiyo mke wake alikuwa amemhamishia stoo ya mahindi. Kikohozi, aliniambia, kinavumilika. Panya ndio hawavumiliki.

"Daktari, mwanangu, nitafutie ruhusa ya kurudi ndani."

Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, lakini huku koti jeupe ni koti jeupe.

Tukapeleka sampuli maabara kubwa. Wakaotesha vimelea, wakasoma vinasaba vyake, na baada ya wiki nyingi jibu likarudi: si TB. Ni kimelea cha jamii hiyo hiyo kinachoishi kwenye udongo na maji, na mashine yetu haikutengenezwa kukitafuta. Kwa hiyo mashine ilikuwa sahihi, na mimi pia. Iliniuma kidogo kugawana ushindi nayo.

Daktari wa kweli akambadilishia mzee dawa, lakini bibi, mkewe, akataka kusikia kwa aliyemwona mdudu kwa macho yake. Wakaja wote wawili. Nikawapa shikamoo, nikawapa viti, nikajiona mwalimu.

"Bibi, huyu si TB. Ni ndugu yake TB."

Hapo ndipo nilipoharibu.

"Ndugu?" Bibi akavuta kiti nyuma. "Mwanangu, ndugu mmoja akishakaribishwa chai, wenzake wako njiani. Arudi stoo."

Mzee akanitazama kwa huzuni iliyonichoma. Nikaanza kuukana undugu niliouleta mwenyewe.

"Wanafanana sura tu, bibi. Ukisoma vinasaba, ni wawili tofauti. Na huyu haambukizi mtu kwa mtu. Mzee amempata shambani au kwenye maji."

Bibi akafikiri.

"Kama mimi na yule mama wa kule Nambis? Watu wananisalimia mnadani wakidhani ni yeye, na kwao sikujui."

"Hivyo hivyo!"

"Na hatahamia kwangu?"

"Hatahamia."

Alimgeukia mumewe.

"Basi twende nyumbani. Kitanda kile ni kikubwa, nimechoka kulala katikati peke yangu."

Mzee aliinama kutafuta kofia yake chini ya kiti, akakaa huko chini muda mrefu, mabega yakitikisika. Kofia alikuwa ameivaa.