Kizuka Aliyenunua Kampuni

Mamkubwa wangu, Bi Zeyana, amenunua kampuni akiwa kizuka. Naanza na hilo kwa sababu kila nikijaribu kuanzia pengine nnapotea. Kizuka ni mwanamke aliyefiwa na mume: anakaa ndani na nguo zake nyeupe miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, haonwi na mwanamme anayeweza kumuoa. Kampuni yenyewe iko Estonia. Sikujua kama kuna nchi hiyo. Mimi niliacha skuli darasa la sita, lakini nimewauliza na waliomaliza, na wao hawaijui.

Mamkubwa kazaliwa Jambiani. Alipokuwa mdogo kuliko mimi alikuwa akishuka pwani maji yakitoka, na vigingi vyake na kamba, kufunga mwani. Anasema mgongo wake ulizeeka kabla ya uso. Kisha Mzee Msabah, aliyekuwa na duka Mkunazini, akamposa, akamleta mjini. Watu wa mumewe walidhani atakaa apike. Yeye akaagiza mwani wa kwao, akauanika juu ya paa, akausaga, akauchanganya na mafuta ya nazi na ya karafuu, akatoa sabuni. Miaka kumi na minane anatoa sabuni jikoni. Wageni wakaipenda, mahoteli yakaitaka, na kila kipande kiligongwa muhuri wa jina la mumewe. Watu huita sabuni ya Msabah. Naye Msabah, Mungu amrehemu, hakuwa akijua hata kinachotangulia sufuriani.

Alipofariki, nikaletwa mimi nikae na Mamkubwa, maana kizuka haachwi peke yake. Duka linangoja kugawiwa warithi, na marehemu ana watoto wakubwa kwa mke wa mwanzo. Jina la sabuni litakwenda na duka kwa hao watoto, Mamkubwa apewe fungu lake la mjane kwa fedha tu. Hilo nililisikia siku ya tatu ya matanga, linasemwa taratibu, kama mtu anavyosema chumvi imepungua. Mamkubwa alikuwa amekaa palepale.

Karibu siku ya sitini akaja Mudrik. Huyu ni mtoto wa kaka yake Mamkubwa, kwa hiyo kuingia ndani kwake ni halali. Anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya Uroa. Alisema kuna mwanamke wa Ulaya, mgeni wao wa kila mwaka, ana maduka kwao, na anaitaka sabuni kwa mwaka mzima, kwa jina lolote, ilimradi ipikwe na mikono ileile. Sharti lake moja: maduka yake hayanunui ila kwa kampuni iliyoandikishwa hukohuko Ulaya, na iwe imetimiza miaka miwili. Jibu analitaka kabla ya mwezi kwisha.

"Sasa miaka miwili tutaitoa wapi?" akauliza Mamkubwa.

Mudrik akasema inanunuliwa. Kuna mawakala kazi yao ni kuandikisha kampuni, kuziweka tu, na kumuuzia anayetaka iliyokwisha kuwa tayari. Amempata mmoja Estonia, anayo ya miaka mitatu.

Mimi nilikuwa napepeta mchele. Niliacha kupepeta.

"Ina wafanyakazi wangapi?"

"Haina, shangazi."

"Ina duka?"

"Haina."

"Inauza nini?"

"Haijawahi kuuza kitu. Haijafanya lolote."

"Basi wewe unaninunulia nini, Mudrik?"

"Umri, shangazi."

Mamkubwa akamtazama. "Hee. Umri nao unauzwa siku hizi, na mie niliyezika mume juzi sikuambiwa."

Hata hivyo aliendelea kuuliza. Alitaka kujua miaka hiyo mitatu kampuni ilikaa na nani, maana nyumba isiyokaliwa na watu hukaliwa na wengine. Akataka iulizwe kama kabla ya kukabidhiwa kuna mtu atakayeweza kufukiza ubani mle ofisini. Mudrik akasema hakuna ofisi, kuna anwani tu, na anwani hiyo ni ya kampuni nyingi pamoja. Mamkubwa akauliza zinaeneaje. Mudrik akaanza kutafuta kwenye simu. Nafikiri na yeye hajui.

Lakini usiku ule na siku zilizofuata nilimwona Mamkubwa amekaa sawasawa, kama mtu anayengoja kuitwa. Akaniambia kila alichokipika kimetoka kwa jina la mtu mwengine, na hiki, hata kama hakieleweki, kitatoka kwa jina lake.

Ikawa wakala anataka kumwona mnunuzi kwa simu, uso kwa uso, na paspoti yake aliyoendea Hija mkononi. Mudrik akaomba muulizaji awe mwanamke kwa ajili ya eda, hizo siku za Mamkubwa za kukaa ndani. Wakakubali. Wakaweka na mkalimani wao, mwanamke wa Nairobi, kwa sababu mnunuzi lazima ajibu mwenyewe. Mudrik akaambiwa asiwepo.

Siku hiyo nilimtandikia Mamkubwa godoro safi. Madirisha yalikuwa yamefungwa, kioo cha kabati kimefunikwa shuka kama ilivyo desturi ya msiba. Mamkubwa amejitanda nyeupe tupu. Mimi nimekaa ubavuni kwake. Nyuma ya pazia alikaa wifi yake, Bi Mwanamkasi, dada wa marehemu, ambaye alikuja kila siku kuangalia eda ya kaka yake inakwendaje. Hakuwa mbaya. Alikuwa akileta uji, na alikuwa akihesabu siku.

Mzungu akatokea, mwanamke kijana, nywele fupi, akatuamkia vizuri. Akauliza jina, tarehe ya kuzaliwa, kazi. Mamkubwa akajibu. Kisha mkalimani akauliza: "Je, uko peke yako hapo chumbani?"

Mamkubwa hajui kusema uongo. Akasema, "Sijaachwa peke yangu tangu afe mume wangu."

Mzungu akaandika. Akauliza kama anaweza kutoka nje ya nyumba. Mamkubwa akasema hawezi. Tangu lini? Tangu miezi miwili na siku kumi. Nani anamzuia?

"Hakuna anayenizuia. Siku zangu hazijesha."

Pale Bi Mwanamkasi akashindwa kunyamaza, akasema nyuma ya pazia, "Waambie una eda, usiwafiche." Mzungu akasikia sauti ya mtu asiyemwona. Mkalimani akaanza kumweleza, akaeleza sana, na kila alivyozidi kueleza yule Mzungu alizidi kutusogelea, anaangalia madirisha, anaangalia lile shuka juu ya kabati, ananiangalia mimi. Mwisho akashukuru kwa upole mkubwa, upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, simu ikakatika.

Tulidhani imekwenda vizuri.

Kesho yake Mudrik akaja na barua kwenye simu, uso umemshuka. Ununuzi umesimamishwa. Alitusomea kwa Kiswahili: wana wasiwasi kuwa mnunuzi amefungiwa ndani, na kuna watu wanataka kulitumia jina lake. Alieleza kwamba hilo hutokea. Wapo wanaonunua kampuni kwa jina la mama mtu mzima asiyejua kitu, wakajificha nyuma yake, kwa hivyo mawakala wanaogopa.

"Kwa hiyo mie ndiye mwizi au ndiye niliyeibiwa?" akauliza Mamkubwa.

"Wewe ndiye uliyeibiwa, shangazi. Mwizi ni mimi."

Alikuwa anatania, lakini hakucheka mtu. Barua ilikuwa na sharti. Watapiga tena Alkhamisi, saa nne za asubuhi. Mnunuzi awe peke yake, na afungue mlango, atoke nje kwa miguu yake, simu mkononi, wamwone. Asipotoka, kampuni atauziwa mwengine aliyekwisha kuitaka.

Bi Mwanamkasi akasema basi limekwisha, riziki haikuandikwa. Mamkubwa akamtuma Mudrik kwa sheikh wa msikitini. Akarudi na jibu kwamba mwenye eda akiwa na haja ya kweli anaweza kutoka mchana na kurudi kulala kwake. Bi Mwanamkasi akasema haja ni njaa, haja ni maradhi, haja si sabuni. Na kama atatoka, yeye anavyojua kwa mama yake na kwa bibi yake, siku zote zilizopita zimemwagika, aanze moja upya.

"Umemsikia sheikh, wifi," Mamkubwa akasema.

"Nimemsikia. Sheikh hakufiwa na kaka."

Mamkubwa akainamisha kichwa. Nilidhani ameshindwa. Kisha akasema, polepole sana: "Kaka yako nampenda mpaka leo. Lakini miaka kumi na minane nimesimama nyuma ya jina lake, na jina lake sasa linagawiwa, mie simo. Wifi yangu, nisipotoka Alkhamisi, nitatoka siku zangu zikisha, nende wapi?"

Bi Mwanamkasi akasimama. Alichukua bakuli lake la uji likiwa limejaa, akaenda zake.

Alkhamisi nilipandishwa ghorofani ili chumba kiwe kitupu. Nilikaa dirishani, nikautia uso kwenye upenyo. Nikasikia komeo la mlango wa chini. Mamkubwa akatoka. Nyeupe yote, na jua lile la saa nne, nikaona kama karatasi imewekwa njiani. Alisimama kizingitini akipepesa macho. Kwenye baraza ya jirani walikuwepo wanaume watano wanacheza bao. Wakamwona. Waligeuka wote pamoja wakatazama ukuta, na mmoja wao alikuwa na kete mkononi, akabaki ameinyanyua vilevile. Sijui huko Estonia walifikiri nini walipoona wanaume wanampa mgongo mwanamke namna ile. Labda walifikiri wanamchukia. Kwetu hapa ndiyo heshima.

Alikwenda mpaka pembe ya njia, ameishika simu mbele ya uso. Sikusikia wanachozungumza. Nikamwona anasimama, anaangalia juu, baina ya mapaa, kwenye ile mbingu nyembamba. Halafu akacheka. Kizuka anacheka njiani mchana, na mimi juu nimeshika roho yangu, sijui kama nifurahi au niombe asionekane.

Aliporudi nilimuuliza amecheka nini. Akasema yule Mzungu kamuuliza anajisikiaje kuwa nje.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia kuna joto."

Jumatatu Mudrik akaja na karatasi. Ina jina refu la Kizungu ambalo ametusomea mara tatu na hakuna aliyelishika, na chini yake, herufi kubwa: mmiliki, Zeyana, na jina la baba yake, na la babu yake. La mumewe halimo. Mamkubwa alilipitishia kidole jina lake. Akauliza sasa afanye nini. Mudrik akasema kwa leo hakuna la kufanya, kampuni ni yake. Akauliza tena, taratibu, kama anayeuliza njia: iko wapi sasa hivi, hii dakika, iko wapi? Mudrik akaonesha karatasi, akaonesha simu, mwisho akamwonesha yeye mwenyewe. Sote tukamtazama, na yeye akajitazama mikono.

Yule mwanamke wa Ulaya kapelekewa jibu kwa wakati, na mwani umeagizwa Jambiani. Atakapomaliza ndani ataanza kupika. Lakini lini atamaliza, hapo ndipo nisipopajua. Bi Mwanamkasi amerudi kuja na uji, wamepatana nusu, wanaongea habari za mvua. Kwa hesabu yake leo ni siku ya kumi na tisa. Kwa hesabu ya Mamkubwa ni ya tisini na tano. Asubuhi ya leo wameniuliza mimi, mmoja huku na mmoja huku, leo siku ya ngapi. Nikasema naenda kutazama maharage.