Shubiri Moja Kutoka Ukutani

Mama yangu alifika kwangu Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma, na begi moja la bluu, na kwa miezi kadhaa hakulifungua ila kutoa nguo ya siku hiyo. Jioni aliirudisha ile iliyokauka, akaikunja, akafunga zipu. Nililiona begi lile kila siku na likanikera kila siku. Nilikuwa nimemnunulia kabati.

Alikuwa ametoka kijijini kwetu, upande wa Mpwapwa, ambako tembe aliyoishi tangu aolewe, nyumba ya udongo ya kwetu, ilikuwa imebomoka paa. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia na hapakuwa na mtu aliyebaki pale nyumbani wa kumchotea maji. Kwangu kuna nafasi: mume wangu alishafariki, watoto wako vyuoni, na jioni nikirudi kazini nyumba inakuwa kimya mpaka nasikia friji ikiunguruma. Nilitaka mama akae na mimi moja kwa moja. Nilitaka sana, kuliko nilivyothubutu kumwambia. Yeye alisema amekuja kutembea tu.

Shida ya kwanza ilikuwa joto. Nyumba yangu ni ya bati na dari ya jipsamu, na ukifika mwezi wa kumi na moja, kwenye chumba cha wageni ungeweza kukausha mlenda bila kuuanika. Mama alizaliwa na kuzeekea chini ya paa la udongo lenye unene wa kutosha kumpumzisha mbuzi juu yake. Alivumilia wiki mbili. Kisha mchana mmoja nikamkuta kwenye chumba cha chini, amejilaza kwenye saruji tupu, shavu sakafuni, kapitiwa na usingizi mtamu.

Hicho chumba cha chini sikukipanga. Kiwanja changu kina mteremko, na wakati wa kujenga fundi alinishauri kwamba badala ya kujaza kifusi upande wa bondeni, tuchimbe tupate chumba. Kuta zake tatu zimezikwa ardhini, na wa nne una mlango na dirisha vinavyotazama upande wa reli. Nilikuwa naweka humo magunia ya mahindi na mabati yaliyobaki.

“Nihamishie huku,” mama alisema alipoamka.

“Mama, hii ni stoo. Watu watasema nimekuweka na mahindi.”

“Tembe yetu nayo nusu ilikuwa ndani ya ardhi. Mahindi tulilala nayo, na wewe ulilala nayo.”

Basi nikaamua kumtengenezea chumba, na mimi nikiamua jambo nalifanya kwa kishindo. Ofisini, badala ya kumalizia taarifa yangu ya mwezi, nilisoma kwenye simu jinsi watu wanavyozuia joto na unyevu kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Nilisoma siku tatu. Mwishoni nilikuwa nimeelewa nusu, na nusu hiyo niliishika kwa nguvu zote. Nikanunua nailoni nyeusi, nikanunua yale mabamba meupe mepesi wanayofungia televisheni mpya isivunjike, nikanunua jipsamu ya kufunika juu yake.

Fundi alikuwa yule yule aliyenijengea nyumba, Mrangi wa Kondoa, mtu mzima mwenye kofia isiyotoka kichwani. Nilipomweleza alikuna kidevu.

“Dada, kuta hizi zimeegemea ardhi. Tuzizibe hivi kwa ndani?”

Nikamwambia nimesoma. Ukishamwambia fundi kwamba umesoma, anashika nyundo.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Aliinuka, akagusa ukuta kwa mgongo wa mkono, kama unavyogusa paji la mtoto mwenye homa. “Mwanangu, huu ukuta unatoka jasho. Ukiuvisha nguo zote hizi, jasho litapitia wapi?”

“Mama, hii ni teknolojia.”

“Haya,” alisema. Mama akisema haya kwa sauti ile, ujue amenyamaza lakini hajakubali.

Chumba kilipendeza, siwezi kusema uongo. Kuta nyeupe, pazia jipya, kitanda kimesogezwa vizuri kwenye kona, na lile kabati, bado tupu, limeegemezwa ukutani. Nilipiga picha nikawatumia watoto, wakanijibu kwa mioyo na makofi. Nikazunguka humo ndani nikiimba.

Tukaanza kugombania kitanda. Mimi nilikitaka kiguse ukuta, ndivyo chumba kidogo kinavyopata nafasi. Mama kila nikiondoka alikivuta, akaacha upenyo wa shubiri moja. Nikirudi nakisukuma. Kesho nakikuta kimevutwa. Alisema kwenye tembe hakuna kilichoegemea ukuta, kuanzia kitanda mpaka vilindo, yale mapipa ya magome ya miti ya kuwekea nafaka. Kila kitu shubiri moja, ukuta upate hewa. Nikamwambia ukuta hauna mapua. Siku zile nilikuwa na majibu ya haraka sana.

Mvua zikaanza. Anayeijua Dodoma kwa vumbi lake hajui hewa inavyokuwa nzito mwezi wa kwanza, nguo zikikaa kwenye kamba siku mbili na chumvi ikilowa kwenye kopo. Kila asubuhi nikienda kazini niliikuta khanga ile ile ya zambarau ya mama imeanikwa, inachuruzika maji. Ile ile, kila siku.

“Mama, khanga hiyo utaimaliza kwa kuifua.”

“Vumbi,” alinijibu.

Vumbi gani, na mvua imenyesha tangu jana? Sikujiuliza. Nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la kazini. Alikuwa pia ameanza kukohoa, nikamletea dawa ya kikohozi, nikajiona mtoto mwema.

Jumamosi moja asubuhi niliamua nisimsubiri apande, nimshushie chai na mkate. Mlango ulikuwa wazi. Nilimkuta amepiga magoti nyuma ya kitanda, anafuta sehemu ya chini ya ukuta kwa ile khanga ya zambarau. Alifuta, akaikamulia kwenye beseni, akafuta tena. Beseni lilikuwa limefika nusu. Aliponisikia aligeuka upesi na kuificha khanga mgongoni, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari.

Niliweka chai chini.

“Tangu lini, mama?”

“Tangu mvua ya pili.”

“Kila siku? Kwa magoti haya?”

“Asubuhi tu. Na kidogo jioni.”

“Kwa nini hukuniambia?”

Alitafuta ukingo wa kitanda kwa mkono, akakaa. “Siku ile ulikuwa unaimba. Tangu mwenzako afariki sijakusikia ukiimba. Ningekwambiaje?”

Nililia pale pale, bila aibu, nimesimama na mkate mkononi. Yeye hakulia. Alisubiri nimalize, kisha akasema lile nililokuwa naliogopa tangu siku begi lilipoingia mlangoni.

“Mvua zikikatika nirudishe nyumbani. Jirani atanipa kona. Sitaki mtoto wangu ajenge na kubomoa kwa ajili ya mgeni.”

Likaniuma neno hilo, mgeni. Na mimi nikiumia, hasira inapata kazi. Nilishika kona ya jipsamu nikavuta. Ilitoka laini kama ugali wa jana uliomwagiwa maji. Nyuma yake mabamba meupe yalikuwa yamegeuka meusi kwa ukungu, na kati ya nailoni na ukuta maji yalikuwa yamesimama. Chumba kizima kilinuka kisima. Mama alikuwa amevuta hewa ile wiki nyingi, na mimi ndiye niliyemfungia nayo.

Fundi alikuja siku hiyo hiyo. Alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa, akasimama mbele ya ukuta muda mrefu na mikono nyuma.

“Hata bibi yangu kule Kondoa alikuwa na tembe,” alisema. “Nilijua hili.”

“Sasa mbona hukusema?”

“Nilisema, dada. Ukaniambia umesoma.”

Mama akacheka mpaka kikohozi kikamkatisha.

Safari hii mama ndiye aliyesema na sisi tukafanya. Alianzia nje, mahali ambapo mimi sikuwa nimepawazia kabisa. Maji yazuiwe kabla hayajaufikia ukuta, alisema, ukishayaacha yaingie unafuta mpaka ufe. Tulingoja siku za jua, fundi akachimba mfereji mrefu kufuata kuta tatu zilizozikwa, mpaka usawa wa msingi, akazipaka lami kwa nje, akapanga mawe, akalaza bomba linaloyatoa maji mpaka bustani ya chini. Mabamba yaliyosalimika aliyapandisha juu ya dari, chini ya bati, kwenye joto lenyewe. Ndani hatukuweka kitu. Tuliacha kuta wazi zikauke, na kwa wiki hizo mama alilala na mimi kitandani kwangu. Begi lilipanda naye, likakaa karibu na mlango.

Kuta zilipokauka mama aliagiza udongo wa kichuguu, mchanga, majivu na samadi mbichi ya ng'ombe. Fundi alisema kupiga lipu ya tembe ni kazi ya wanawake, akaenda zake kunywa chai, tena akitabasamu. Nikabaki na kucha zangu zilizopakwa rangi.

“Ingiza mkono,” mama alisema.

“Mama, ni mavi.”

“Umekulia humo. Ingiza.”

Niliingiza. Alikuja nyuma yangu, akaweka mkono wake juu ya wangu, akausukuma ukutani kwa nusu duara, kutoka chini kwenda juu. Alikuwa haoni vizuri, lakini mkono wake ulijua kila bonde la ukuta ule. Nilinusa majivu na mafuta anayopaka kichwani. Nina miaka arobaini na saba, na sikutaka ukuta ule uishe.

Akanifundisha na dirisha. Mchana, msimu wa mvua, lifungwe, maana ile hewa ya joto ikiingia kwenye ubaridi wa chini inageuka maji. Lifunguliwe asubuhi mapema na jua likishazama. Nikayaandika hayo kwenye karatasi nikaibandika mlangoni, akaniuliza karatasi hiyo ni ya nani, wakati yeye haioni na mimi nimeshaambiwa.

Alirudi chini na begi lake. Lile neno la kurudi nyumbani hakulifuta, na mimi niliogopa kuuliza. Kitanda nilikiweka mwenyewe. Nilipima shubiri moja kwa vidole vyangu, halafu nikaongeza kidogo.

Kisha ikaja mvua ya siku mbili mfululizo, mvua ya kweli, treni ikipita huko chini unasikia honi tu, huioni. Asubuhi ya siku ya tatu nilitoka kabla ya kuvaa viatu. Kamba ya nguo ilikuwa tupu. Bomba lilikuwa linamwaga maji bustanini kwa fujo. Nilishuka mbio, nikampita mama aliyekuwa akijifunga kitenge, nikaweka shavu langu ukutani, chini kabisa, magoti sakafuni. Ulikuwa wa baridi, na mkavu.

“Umemaliza kuubusu?” mama aliuliza.

Niliinuka nikijifuta udongo shavuni.

“Basi kama umemaliza, chukua hilo begi ukaliweke huko juu kwako. Limeegemea ukuta, linauzibia hewa.”

Begi kweli lilikuwa limeegemea ukuta, pale chini ya dirisha. Nilishika mikanda nikajiandaa kwa uzito wake, nikalinyanyua kwa nguvu, nusura nianguke kinyumenyume. Zipu ilikuwa wazi. Ndani hamkuwa na hata kitambaa.

Nikageuka kulitazama kabati. Lilikuwa limevutwa shubiri moja kutoka ukutani.