Rufaa Yangu na Jibu la Jone

Asubuhi ile huko Basra, Iraki, sisi askari wa jeshi la Uingereza tulikuwa tunaosha malori. Jone, Mfiji mwenye kifua kipana na kicheko cha kukera, alinimwagia maji ya sabuni mgongoni, kisha akaniuliza kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe: "Habari?"

"Nzuri," nikamjibu, huku maji yakinichuruzika hadi ndani ya buti.

Nilikuwa nimemweleza kwamba kwetu Voi ukiulizwa habari unasema nzuri kwanza, hata kama nyumba inaungua. Matatizo yanafuata baadaye. Aliona ni upuuzi mtupu, lakini aliupenda mchezo huo kuliko mimi.

Mchana tulitoka na msafara. Lori lake lilikuwa mbele ya langu.

Bomu lililipuka kando ya barabara.

Sikusikia mlio. Niliona vumbi, kisha gurudumu likibingirika peke yake.

Nilimvuta nje. Mikono yangu iliteleza. "Jone, habari?" Sikuwa na neno jingine.

"Nzuri," akasema.

Akakata roho kabla ya kuongeza kitu.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa Barking, mashariki mwa London, nimeshaacha jeshi, mwanamume mzima anayeogopa mapipa ya taka. Mtu akibamiza mfuniko, najikuta nimelala kifudifudi kwenye lami, watoto wa shule wananicheka. Kwenye basi sikai mpaka nipate kiti cha nyuma kabisa. Mke wangu Wakesho, aliyekuwa akihudumia wazee, alianza kulala sebuleni tangu siku niliyomkaba shingo usingizini. Alivaa skafu kazini wiki nzima. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama.

Niliomba pensheni ya askari waliopata kiwewe vitani. Wakanikatalia. Walisema daktari wao aliponiuliza hali yangu, nilimjibu kuwa niko vizuri, namshukuru Mungu.

"Sasa wewe," Wakesho akaniwakia, "umeenda kuonyesha ugonjwa, halafu unamwambia daktari uko fine?"

"Si alinisalimia! Ningemjibuje?"

"Hakuwa anakusalimia. Alikuwa anakupima."

Tukakata rufaa. Wakesho alitaka mtu mwenye mamlaka aseme kwamba ni vita vilivyonifanya hivi, si pombe wala roho mbaya. Hakuniambia atafanya nini tukishindwa, na mimi niliogopa kumuuliza.

Chumba cha kusikilizia rufaa kilikuwa ghorofani, katikati ya London, hakina dirisha. Mlango ulikuwa nyuma yangu. Shati liliniganda mgongoni. Mbele yetu walikaa watatu: hakimu, daktari, na mzee aliyewahi kuwa afisa wa jeshi. Hakimu, mama mwenye nywele nyeupe, alitabasamu akaniuliza naendeleaje leo.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Wakesho akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Siko sawa," nikasema.

Nilijiona mkosefu wa adabu, kama niliyekataa kumpa mkono yule mama. Kisha nikaeleza yote: skafu, mapipa, gurudumu, Jone na jibu lake. Daktari akanisogezea maji. Mzee wa jeshi alikuwa ameinamisha kichwa.

Tulishinda. Habari ilipofika, Wakesho alilia jikoni kwa furaha. Mimi nilikwenda kuhakikisha mlango umefungwa.

Jumapili mama akapiga simu kutoka Voi.

"Habari ya huko, mwanangu?"

"Si nzuri, mama."

Nikamsikia akivuta kiti.

"Haya," akasema polepole. "Niambie."

Nikamsimulia, kwa mara ya kwanza kwa lugha yetu, na kwa lugha yetu iliuma zaidi. Nilipofika kwenye jibu la Jone akanikatiza.

"Na mama yake," akauliza, "anajua mwanawe alijibu?"

Pipa lilibamizwa huko nje. Sikulala chini. Nilishika simu kwa mikono miwili.

"Hajui, mama. Ni mimi tu niliyemsikia."