Nilitia Dole kwa Niaba ya Wanawake Arobaini

Jamani, nimekosa! Nimekosa mimi mwenyewe na sina wa kumsingizia. Mkitaka kucheka chekeni, maana hata mimi huanza kwa kucheka ninapokumbuka, halafu ndipo naona aibu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Pale Lushoto mjini tulikuwa na umoja wetu wa kutetea haki za watu. Walikuwemo Washambaa, Wapare na Wambugu, Waislamu wa sokoni na Walutheri wa kwaya, na mzee mmoja wa Kihindi, fundi cherehani, aliyetupa kibaraza cha duka lake tukutanie. Mimi nilikuwa karani. Msichana wa darasa la nane, hati nzuri, kichwa kikubwa!

Likaja shauri la mama mmoja mjane wa huko juu ya Lukozi. Yeye Mpare, kaolewa kwa Washambaa. Mume alipofariki, shemeji yake akasema mwanamke wa kuja hana shamba, arudi kwao. Shamba lenyewe ni migomba nyuma ya nyumba na kipande cha kabichi bondeni. Watoto watatu walikula hapo.

Mwenyekiti wetu akaniita. "Binti, ofisa wa wilaya atasikiliza shauri hili Jumatatu. Anataka kujua kama majirani wanamtambua huyu mama. Panda, pita nyumba kwa nyumba, wanawake watie dole gumba. Anza na mjane mwenyewe."

"Ndiyo, mzee. Nitapita zote."

Nikapewa karatasi na kikopo cha wino wa muhuri. Lakini mvua ya milima yetu mnaijua, na ule utelezi! Nikafikia kwa shangazi yangu Lukozi, nikakuta maharage jikoni na binamu zangu wanasukana. Nikasema nitaanza kesho. Kesho nayo ikawa hivyo hivyo. Siku ya nne nina nywele za kupendeza ajabu, na karatasi nyeupe pe!

Ndipo nikaleta ujanja. Nikamchokoza shangazi aniambie umbea wa kule juu, akanitajia wanawake wote bila kujua majina hayo nayatakia nini. Nikaandika majina arobaini. Nikachovya vidole vyote kumi, nikavigandamiza wima, nikavilaza upande. Vilipoanza kufanana nikavua viatu. Eeh, vya miguu! Na kwa utundu tu, la mwisho katika hayo nikaliweka la mke wa yule shemeji, nikacheka peke yangu chumbani.

Jumatatu ofisa akasoma majina. Alipofika kwa huyo mke, shemeji akasimama.

"Mheshimiwa, mke wangu yuko kwao Mnazi tangu mwezi uliopita, kaenda kujifungua. Hilo dole kalitia saa ngapi?"

Ofisa akaisogeza karatasi dirishani. Akaitazama, akanitazama mimi.

"Karani, vua viatu."

Mungu wangu! Mikono nilikuwa nimeisugua kwa majivu. Miguu niliisahau. Ukumbi mzima ukacheka, mpaka mwenyekiti wetu, masikini, akafunika uso.

Mjane hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na mlango. Ofisa akasema watu wanaoghushi majirani hawashindwi kughushi na haki, akampa shemeji shamba lote na nyumba.

Kesho yake nikapanda kumwomba radhi, mvua ikininyeshea kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia, utalowa."

Akanipa uji. Nikalia. Akaningoja nimalize, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona hukuja? Tulisikia karani yuko kwa shangazi yake. Wenzangu hawakwenda shamba siku mbili, wanakungoja."

Walikuwa wananingoja! Nami nilidhani wataogopa, watanisumbua na maswali, hawajui mambo ya karatasi. Niliona haya nikatamani kuondoka bila kuaga.

Wiki ile wanawake wakateremka wenyewe kwa miguu hadi wilayani, kutia dole mbele ya ofisa. Na mke wa shemeji akaja toka Mnazi, mtoto mchanga mgongoni. Akamwambia ofisa, "Lile la kwanza halikuwa langu. Hili ndilo langu," akalitia mbele ya mumewe. Nilishika kikopo cha wino siku nzima, na kila aliyepita aliniuliza kama nitavua viatu.

Mjane akarudishiwa nyumba na migomba. Lakini shemeji alikuwa keshapanda bondeni, ofisa akasema yameisha. Kile kipande cha kabichi hakikurudi kamwe. Ukarani nilinyang'anywa, na hiyo ni haki yangu. Kinachoniuma ni kwamba mama yule, aliyelima kabichi maisha yake yote, nilikuwa nakutana naye sokoni akinunua.

Nyie mnaoanzisha vyama vya kutetea watu, nawaombeni sana, kabla hamjaandika jina la mtu nendeni mkamuulize mwenyewe. Yupo nyumbani, anawasubiri.